Nani ana wimbo wa "ga"?

SWALI: Hapa Likawage tuna spika, maiki mbili na watu wa rika zote. Tunataka karaoke yenye ule mchezo wa Kijapani wa kuunganisha majina. Tuimbe nini?

JIBU: Mchezo huo, shiritori, unakutaka uanze na silabi aliyoishia mwenzako. Kwa Wajapani, neno likiishia kwa "n" umetoka. Sisi karibu kila neno letu huishia kwa irabu, basi mtego wenu uwe silabi adimu.

Anzeni na Aiyola (2015) ya Harmonize, jirani yenu wa Mtwara. "La" inaleta Lala Salama ya Diamond, "ma" inaleta Malaika aliyoirekodi Fadhili William. Hapo wapeni wazee maiki: wimbo wa polepole, hauchoshi koo. Kisha Diamond tena: Kamwambie, Eneka, Kanyaga. Atakayekwama kwenye "ga" aiimbe Kanyaga yote, na kucheza acheze.

Kuna na uchokozi: mtu akitaja Zuwena ya Marijani Rajab, mjibuni Nana. Anarudishiwa "na" yake ileile! Ni halali kabisa. Ila jina lililokwisha kutajwa lisirudiwe, la sivyo mtakesha.