Kuchonga Spea za Sasipensheni: Nyumbani au Karakanani?

Gari linapoanza kugonga kwenye matuta, wamiliki wengi huona nafuu kuchonga bushi badala ya kununua mpya. Nafuu hiyo yaweza kuwa ya kweli, mradi mtumiaji atambue spea ipi huchongwa na ipi haichongwi kamwe.

Vipimo. Bushi hukaa ndani ya tundu lake kwa kubanwa. Ubanaji huo hutegemea sehemu ndogo sana ya milimita, ambayo rula haiwezi kuipima. Bushi iliyolegea hucheza na kupanua tundu. Iliyozidi unene huharibika inaposindikwa. Asiye na mashine ya kukereza, mikromita na presi hana njia ya kuthibitisha kazi yake.

Malighafi. Mpira hujipinda na kumeza mtikisiko. Nailoni ni ngumu zaidi, hivyo bushi ya nailoni hupeleka mtikisiko mwingi kwenye bodi. Pini ya boljointi ni ya chuma kilichotiwa ugumu kwa moto. Kuichomelea hudhoofisha ugumu huo. Ikikatika gari likiwa mwendoni, dereva aweza kupoteza usukani. Boljointi iliyochakaa hubadilishwa. Haichongwi wala haichomelewi.

Kazi ya nyumbani. Mtumiaji aweza kukagua bushi zilizopasuka, shokapu zinazovuja mafuta na kifuniko cha mpira cha boljointi kilichochanika. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala asifungue springi bila kifaa maalumu cha kuibana. Aidha, bolti za bushi za mpira hukazwa kwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejipinda na huchanika mapema.

Kabla ya kazi kuanza karakanani, mtumiaji anashauriwa:

1. Kupata makadirio ya maandishi yanayotaja kama spea ni mpya, ya mtumba au ya kuchongwa.
2. Kuuliza malighafi itakayotumika na kifaa cha kupimia tundu.
3. Kuomba arejeshewe spea ya zamani.
4. Kuuliza iwapo bei inajumuisha alaimenti ya magurudumu.
5. Kudai stakabadhi, na muda wa dhamana uandikwe.

Makadirio, stakabadhi na spea ya zamani vihifadhiwe pamoja. Kazi ikiharibika, hivyo ndivyo ushahidi wa mlalamikaji.