Kupima Macho Hakuishii Kwenye Ubao

Hapa kwetu Kilosa na Mikumi, mtu akisema "nimepima macho" huwa ana maana kwamba alikaa mita 6 kutoka kwenye ubao, akaonesha zile E zimegeukia wapi, akatoka na miwani au tyubu ya tetrasaiklini. Kipimo hicho ni cha lazima. Lakini mtu aweza kusoma hadi mstari wa mwisho na huku glaukoma, yaani presha ya macho, inamla polepole, kwani ugonjwa huu kwa kawaida huanza kuharibu uoni wa pembeni. Uoni uliopotea kwa glaukoma haurudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Wengi huja jicho moja limekwishazima, wakidhani ni mtoto wa jicho.

Kwa hiyo msaidizi wa huduma za macho anayepelekwa mafunzo ya juu hufundishwa kutazama ndani ya jicho. Chombo chake ni kurunzi ndogo yenye lenzi, ofthalmoskopu. Chumba hutiwa giza, nawe huambiwa utazame mbali. Akiwa umbali wa mkono humulika mboni, ambayo jicho likiwa zima hurudisha wekundu. Kwa mtoto, weupe badala ya wekundu waweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani inayoua iitwayo retinoblastoma. Mzazi ukiona weupe huo, hata kwenye picha, nenda hospitali upesi, usingoje mtoto akue.

Kisha mpimaji husogea karibu kabisa, jicho lake la kulia kwa la kwako la kulia, akitafuta kichwa cha neva. Hapa ndipo wanafunzi hutoka jasho! Inabidi atazame macho mazima mengi ndipo aujue ugonjwa: kishimo cha neva kilichopanuka kwa glaukoma, au vidoa vya damu kwa kisukari. Hufundishwa pia kupindua kope la juu, maana vikope (trakoma) hujificha huko. Kwa maoni yangu, kituo chenye muuguzi mmoja anayejua haya kinakizidi chenye kabati zima la tyubu.

Ukaribu huo huwatia haya akina mama, na wengine huondoka bila kupimwa. Dada yangu, omba muuguzi wa kike. Asipokuwepo, ingia na mumeo au maharimu wako, ufunue kiasi kinachohitajika tu. Haja ya tiba ina ruhusa yake katika sheria. Na mpimaji aeleze kwanza atakachofanya, ndipo asogee.

Ukitiwa dawa ya kupanua mboni, uoni hufifia kwa saa kadhaa. Usiendeshe pikipiki, njoo na mtu wa kukurudisha.

Mwenye kisukari atazamwe ndani ya jicho kila mwaka hata akiona vizuri. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata glaukoma naye aombe kipimo hicho. Aliyekwisha kupewa matone ya glaukoma asiyaache Ramadhani. Katika madhehebu ya Shafii matone ya macho hayafunguzi, na Baraza la Fiqhi la Jeddah lilitamka mwaka 1997 kwamba hayabatilishi saumu, ila mtu ajizuie kumeza yatakayofika kooni. Ukishatia tone, fumba jicho ubonyeze pembe yake iliyo kando ya pua kwa dakika moja au mbili. Dawa itabaki jichoni.