SOMO LA AFYA: Kwa nini malaria humlaza mmoja na kumpita mwingine

Nyumba moja Mtongwe, kitanda kimoja, chandarua kimoja chenye tundu. Ndugu wawili wanaumwa na mbu usiku huo huo. Mmoja anakimbizwa hospitali akiwa na degedege, mwingine anapata homa ya siku mbili kisha anarudi kucheza mpira. Wakaazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wameyaona haya, na maelezo hayakosi: husuda, bahati, chakula. Sehemu ya jibu imo ndani ya damu yenyewe, na ushahidi mwingi umekusanywa hapa Pwani. Katika toleo hili tunaeleza jinsi utafiti wa aina hiyo unavyopangwa, kwa sababu huenda siku moja wewe au mwanao mkaombwa damu.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Uingereza, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona kwamba chembechembe za selimundu, ambayo wengi wetu huiita sikoseli, zilikuwa za kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria lakini haba nyanda za juu. Ni ramani ile ile ya malaria. Lakini ramani mbili kufanana si ushahidi; hata minazi hupatikana Pwani na haipatikani Nyeri. Ilibidi apime watu.

Alienda Uganda akapima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa na vimelea, karibu asilimia 46. Alichapisha matokeo mwaka wa 1954. Kwa nini watoto? Mtu mzima aliyeishi na malaria miaka yote mwili wake umeshajifunza kupigana nayo, hivyo ukimpima yeye huwezi kujua kama kinga ni ya kuzaliwa nayo au ya mazoea. Uteuzi wa umri, jambo linaloonekana dogo, ungeweza kuharibu utafiti mzima.

Jirani zetu wa Kilifi, ambako KEMRI na shirika la Wellcome Trust wana kituo tangu 1989, waliendeleza kazi hiyo. Matokeo yao ya 2005 yalionyesha kuwa mtoto mwenye jeni moja ya selimundu hupungukiwa na hatari ya malaria ya kawaida kwa karibu nusu, na ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Sasa tuseme utafiti kama huo unafanywa Mombasa bara. Wagonjwa wa malaria kali wanachukuliwa hospitalini, wengi wao wametoka Likoni na upande wa Kwale. Watu wazima wa afya wa kulinganisha nao wanachukuliwa kwenye viwanda vya Changamwe, ambako wengi wamehamia kutoka bara kufuata kazi. Jeni zitatofautiana, bila shaka, lakini huenda ni kwa sababu asili za watu zinatofautiana, si kwa sababu jeni hizo zinaleta au kuzuia malaria. Ndiyo maana Kilifi watoto wa kulinganishwa hutafutwa katika vijiji vile vile vya wagonjwa, na mzazi huulizwa kama ni Mgiriama, Mchonyi au Mkauma. Mtu asikasirike akiulizwa kabila katika fomu hiyo. Hapa si siasa.

Idadi nayo ina uzito. Mwaka wa 2014 utafiti wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ulilinganisha takriban wagonjwa 12,000 wa malaria kali na watu zaidi ya 17,000 wasio nayo. Jeni nyingi zilizokuwa zimesifiwa na tafiti ndogo za awali hazikuthibitika. Tena jeni huingiliana: Kilifi iligunduliwa kuwa selimundu ya jeni moja hukinga, na thalasemia ya alfa pia hukinga, lakini mtoto mwenye zote mbili kinga hiyo karibu hutoweka. Watoto kama hao ni wachache, na bila sampuli nyingi wasingeonekana kabisa.

Hapa tunaomba usikilize vizuri, mzazi. Kinga hii ni ya mwenye jeni moja. Mtoto aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ni mgonjwa wa selimundu, na malaria kwake ni hatari sana. Alale ndani ya chandarua kila usiku na asikose dawa za kinga anazopewa kliniki. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Hata mwenye kinga bado anaweza kuugua malaria, kwa hiyo homa ikizidi apimwe.

Tuliokulia Pwani tulitishwa na mumiani, mnyonya damu wa hadithi, na hadi leo gari la watafiti likiingia mtaani kuna nyanya atakayewaita wajukuu ndani. Simlaumu. Dawa ya hofu hiyo ni kuuliza: damu kiasi gani, itahifadhiwa wapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, na nani ataona jina langu? Omba kuonyeshwa kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili. Taarifa za jeni ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, na unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani ukazungumze na wenzako kabla ya kutia sahihi. Ukikataa, au ukijitoa katikati, mwanao atatibiwa kama kawaida.