Kinachobaki baada ya kukanusha: matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi

Tukisoma matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi, kwa kawaida tunatafuta tusi. Tunatafuta mahali palipoandikwa kwamba mwanamke mweusi si mzuri. Hatupaoni, kwa sababu mtunzi wa tangazo hana haja ya kuandika hivyo: sarufi inamfanyia kazi hiyo.

Chukua sentensi hii, niliyoitunga kwa kufuata mtindo wa mabango: "Mafuta haya yanarudisha mng'ao wa ngozi yako." Sasa ikanushe: "Mafuta haya hayarudishi mng'ao wa ngozi yako." Sifa ya mafuta imeanguka, lakini jambo moja limebaki katika sentensi zote mbili: ngozi yako imepoteza mng'ao. Igeuze kuwa swali, bado limo. Hilo ndilo dhanio, yaani jambo ambalo sentensi hailidai bali inalichukua kana kwamba tumekwisha kukubaliana. Kubishana na dai ni rahisi. Kubishana na dhanio kunamlazimu msikilizaji asimamishe mazungumzo na kuuliza, "Nani amekuambia umepotea?" Sijamwona mtu anayeuliza bango hivyo akiwa amebanwa ndani ya teksibasi.

Kiswahili kinampa mtunzi chombo kingine, kauli ya kutendesha: ng'arisha, lainisha, safisha, takasa. Kila kitenzi hapa kina hali ya kabla na hali ya baada, na hali ya kabla haitajwi. Kinachosafishwa kilikuwa kichafu. Kwa hiyo "safisha rangi yako" inauweka weusi upande wa uchafu bila kuutamka. Tazama pia nafasi za maneno: mafuta ndiyo kiima, ngozi ni yambwa, na mwanamke mwenyewe amebaki kimilikishi tu, "yako". Kifaransa cha mabango hakitofautiani sana. Unifier le teint hudhani kwamba rangi ya uso ina kasoro ya kurekebishwa.

Je, kubadilisha maneno kunatosha? Mwaka 2020, mwaka wa maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd, Unilever iliondoa neno Fair katika jina la Fair & Lovely, mafuta yaliyouzwa India tangu 1975, yakawa Glow & Lovely. Fair ya Kiingereza hubeba weupe na uzuri pamoja, hivyo kuliacha si jambo dogo. Lakini glow ni kung'aa kwetu, na kung'aa hakuchagui rangi: kiatu cheusi kilichopigwa brashi kinang'aa, ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta ya mawese inang'aa. Neno halina hatia. Ila likiwekwa kando ya picha mbili za uso uleule, wa kwanza mweusi, wa pili umepauka, maana ya zamani inarudi.

Sheria zimeshughulikia zaidi kilicho ndani ya chupa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi vya kung'arisha ngozi, na Mkataba wa Minamata wa 2013 unazuia vipodozi vyenye zebaki. Maandishi ya nje ya chupa yametuangukia sisi wa lugha, na katika mazoezi yetu ya semantiki bado tunakanusha sentensi kuhusu mfalme wa Ufaransa mwenye upara. Ningependa tukanushe mabango ya barabara tunayopita kila asubuhi, kisha tuandike ubaoni kinachobaki.