Kuunganisha Injini ya Gari Nyumbani: Kagua Kabla ya Kufunika

Gari dogo ni chombo cha kazi kwa familia nyingi: hupeleka mazao sokoni, hubeba abiria na humfikisha mgonjwa kituo cha afya. Injini yake inapochoka, mwenye gari huweza kuamua kuifumua na kuiunganisha upya uani kwake. Kazi hiyo inawezekana, lakini ina sifa moja inayowaponza wanaoianza: kila hatua hufunika hatua iliyotangulia. Kranki ikishafungwa, metali zinazoishika hazionekani tena. Pistoni zikishaingia, ringi zake hazionekani tena. Kosa lililofunikwa hujitokeza injini inapowaka, na wakati huo huwa limekwisha kula vyuma. Maelezo haya yanahusu injini ya petroli yenye silinda 4, kama zile za magari mengi madogo ya Toyota yanayotumika nchini.

Mahali na usafi

Vumbi ni adui wa kwanza. Kazi ifanyike chini ya paa, juu ya meza imara iliyofunikwa kwa kitambaa safi, na vipuri visivyotumika wakati huo vifungwe katika mifuko. Bloku ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, njia za oili zisuguliwe kwa brashi nyembamba na kupulizwa kwa upepo, kisha kuta za silinda zipakwe oili mara zinapokauka ili zisipate kutu. Petroli isitumiwe kuoshea. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na huweza kulifikia jiko la jirani bila kuonekana.

Injini nyingi za aina hii huzidi kilo 100. Ining'inizwe kwa mnyororo na winchi ya kazi hiyo, kamwe si kwa kamba kwenye tawi la mwembe, wala mtu asipitishe mkono au mguu chini yake. Watoto wawekwe mbali tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi isiyofanyika nyumbani

Kupima uviringo wa silinda, kusaga kranki na kunyoosha uso wa silinda hedi ni kazi za karakana yenye mashine. Anayeruka hatua hii kwa kuokoa fedha huweka metali mpya juu ya kranki iliyolika, na metali hizo hazidumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vipimo vitakavyotolewa na karakana viandikwe, kwa kuwa ndivyo vitakavyoamua ukubwa wa metali, pistoni na ringi za kununua.

Kranki na pistoni

Nafasi kati ya metali na kranki ni sehemu chache za mia za milimita moja, pungufu ya unene wa unywele. Oili hupita hapo. Nafasi ikiwa ndogo, vyuma hukwama. Ikiwa kubwa, nguvu ya oili hushuka. Huweza kupimwa kwa uzi laini wa plastiki unaouzwa kwa kazi hiyo: uzi hulazwa juu ya kranki kavu, kifuniko hukazwa kwa kipimo kamili bila kuizungusha kranki, kisha hufunguliwa na upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Kila kifuniko hurudi mahali pake kwa namba yake na kwa mwelekeo wake. Hakibadilishani na kingine.

Ringi nayo huingizwa kwanza peke yake ndani ya silinda, na mwanya wa ncha zake hupimwa kwa fila. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi hutanuka kwa joto, ncha zake hugongana na kukwaruza silinda. Upande wenye alama hutazama juu, na mianya ya ringi za pistoni moja haipangwi katika mstari mmoja.

Kukaza na kupanga majira

Boliti hukazwa kwa spana inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa kufuata kitabu cha injini husika. Boliti za silinda hedi hukazwa kwa awamu, kwa mpangilio ulioelekezwa, ambao kwa kawaida huanzia katikati kuelekea pembeni. Inayokazwa kupita kiasi hunyooka na kupoteza uwezo wa kushika.

Alama za kranki na kamshafti zikishalingana, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Ikikwama, isilazimishwe: huenda valvu inagusa pistoni. Dakika tano za kurudia kazi ni nafuu kuliko valvu zilizopinda.

Kuwasha mara ya kwanza

Oili na maji vijazwe, plagi zitolewe na petroli ikatwe, kisha injini izungushwe kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Ndipo plagi zirudishwe na injini iwashwe mahali pa wazi, kwani moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa. Taa ya oili ikibaki inawaka, injini izimwe mara moja. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Wajibu kwa majirani na kwa sheria

Oili chafu ina chembe za metali na kemikali zenye madhara. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima, na desturi ya kuipaka mbao ili kuzuia mchwa iachwe. Ihifadhiwe katika dumu lenye mfuniko, na afisa afya wa kata aulizwe pa kuipeleka. Iwapo bloku imebadilishwa, namba ya injini haitalingana tena na kadi ya gari. Mwenye gari aende Mamlaka ya Mapato Tanzania akiwa na stakabadhi ya ununuzi.

Vijana waliojifunza kazi hii gereji bila kupita darasani wanaweza kupimwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wakafaulu kupata cheti kupitia urasimishaji wa ujuzi. Anayetafuta msaidizi wa kazi hii aanze kwa kuuliza cheti hicho, kisha amtazame fundi jinsi anavyopima kabla ya kukaza.