Kava Lenye Mkwaruzo Halijaharibika, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Mlalo, barua yako nimeisoma na uchungu wako nimeuona. Umejinyima muda mrefu, ukaagiza nje vifaa vya kutengenezea pikapu za gitaa la umeme, halafu boksi limefika na mambo yake. Kava lina mikwaruzo. Bobini moja nyeusi, nyingine rangi ya maziwa. Sumaku zina uso wa mparuzo na madoa ya kutu, na vibao vya faiba vimepinda. Unaniuliza urudishe mzigo wote? Hapana. Wala usiupokee wote kwa kunyamaza. Kaa hapa tuuangalie kitu kimoja kimoja, na wenzako wa Soni, Bumbuli na Lushoto mjini wasikie, kwa sababu si wewe peke yako unayeitaka kazi hii.

Kwa wasiojua, pikapu ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake kuna sumaku na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mizunguko, mara nyingi kwenye kipande cha plastiki kiitwacho bobini. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya, unatoka kwenye spika ukiwa sauti. Kanuni hiyo haijabadilika tangu George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walipotoa gitaa lao la umeme huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Na mkoa wetu wa Tanga una haki ya kulizungumzia gitaa. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilipigia hapo mjini Tanga, na ndugu Wilson na George Kinyonga walitokea Jamhuri Jazz kabla ya kufika Kenya na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika. Huku milimani magitaa ya umeme tunayasikia zaidi kwenye kwaya. Gitaa la kwaya likinyamaza kwa sababu koili imekatika, mara nyingi linawekwa stoo na michango inaanza upya. Kijana anayeweza kusuka koili hiyo upya ana kazi mkononi. Ndiyo maana nataka ujue kuitofautisha dosari ya macho na dosari ya sauti, maana anayeshindwa hapo atatupa vizuri na kufunga vibovu.

Tuanze na bobini zako za rangi mbili, hizo hazina neno. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliombea hataza pikapu ya koili mbili mwaka 1955, na kiwanda kikaanza kuifunga kwenye magitaa. Kufika karibu na 1959 plastiki nyeusi na ya rangi ya maziwa zilikuwa zikichanganywa bila wasiwasi, kwa kuwa juu kulikuwa na kava na hakuna aliyeona. Wapigaji walipoanza kufungua makava miaka ya baadaye wakakuta mchanganyiko huo, wakaupenda. Leo watu wanalipa fedha nyingi kuupata. Wewe ukifunika kava, rangi haionekani. Usipofunika, muulize mteja anapenda ipi mbele. Kitu cha kukagua kwenye bobini ni ukingo wake wa ndani. Pitisha ukucha taratibu. Plastiki ikiacha vimeno vikali, waya utakatika, kwa sababu waya wenyewe, namba 42 kwa kipimo cha Marekani, una unene wa milimita 0.063, mwembamba kama unywele. Piga msasa laini sana mpaka ukucha uteleze, kisha futa vumbi lote kabla ya kusuka.

Sasa kava. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanadanganywa na mng'ao. Mkwaruzo juu ya kava la nikeli haubadilishi sauti hata chembe. Kinachobadilisha sauti ni madini yaliyo chini ya mng'ao. Makava mazuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nao hupitisha umeme kwa uvivu. Makava ya bei rahisi hutengenezwa kwa shaba ya manjano ya kawaida, ile inayotumika kwenye makomeo na makufuli, yakapakwa kromu yakang'aa kuliko yale ya bei. Shaba hiyo ya manjano hupitisha umeme vizuri mara kadhaa zaidi. Sumaku na nyuzi zikifanya kazi, umeme mdogo unazunguka ndani ya kava lenyewe na kula sauti za juu. Gitaa linakuwa zito, kama mtu anayezungumza akiwa amefunika mdomo kwa shuka. Kwa muziki wa dansi, ambao solo na rizimu hupishana kwa sauti kali na safi, hasara hiyo haivumiliki. Basi geuza kava, kwaruza kwa ndani, mahali pasipoonekana, kwa ncha ya kisu. Ukiona weupe wa kijivu, pokea na mikwaruzo yake. Ukiona umanjano, kataa hata kama unajiona uso wako humo. Na kava linalonaswa na sumaku ni la chuma, hilo likatae bila mjadala.

Nikeli huku kwetu itafifia tu. Ukungu wa msitu wa Magamba, jasho la mpigaji, baridi ya Juni na Julai, vyote vinaugusa mng'ao wake. Kufifia huko mwambie mteja mapema ili asije akadhani umemuuzia kitu kikuukuu.

Sumaku zako usizihukumu kwa mparuzo. Alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, humiminwa kwenye kalibu za mchanga, kwa hiyo uso wenye chembechembe ni wa kuzaliwa nao. Hata pembe iliyomeguka kidogo haina madhara, alniko ni ngumu na inavunjika upesi. Kutu ndiyo inayonitia wasiwasi, na hasa kwenye pikapu za mtindo wa Stratocaster, gitaa lililotoka mwaka 1954, ambazo waya huzungushwa juu ya nguzo sita za sumaku. Kutu ikikutana na unyevu inakula varnishi ya waya, kisha waya wenyewe. Koili inakufa baada ya miaka, na hakuna atakayejua kwamba tatizo lilikuwepo siku ya kwanza. Madoa mepesi yasugue kwa msasa laini, mbali kabisa na koili kwa sababu unga wa chuma utang'ang'ania kila mahali, kisha pakaza varnishi, iache ikauke, na funga utepe mwembamba kuzunguka nguzo kabla ya kusuka. Kutu inayobanduka magamba hiyo rudisha. Na usizisukumizie sumaku ncha zinazokataana, zinapungua nguvu.

Vibao vya faiba ni karatasi iliyoshindiliwa, na karatasi hunywa maji. Yawezekana vilitoka kiwandani vikiwa sawa, vikapinda njiani au stoo. Viweke juu ya kioo. Vikiyumba kidogo, vibane katikati ya mbao mbili tambarare chini ya uzito kwa siku kadhaa. Vikiwa vimevimba au matabaka yameachana, matundu ya sumaku hayatashika, omba vingine. Wakati wa masika vitunze kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Rangi yake, nyeusi au kijivu, ni ya kupenda tu.

Kitu kimoja tunacho sisi ambacho wengine wanakinunua kwa shida: nta ya nyuki. Koili ikishasukwa huzamishwa kwenye nta ya mshumaa iliyochanganywa na kiasi kidogo cha nta ya nyuki, ili waya usitikisike na pikapu isipige mluzi sauti ikipandishwa. Yeyushia kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto, joto lisizidi sana nyuzi 65, maana bobini za plastiki hulainika. Kamwe usiweke nta juu ya moto wenyewe, inawaka. Nta itakayoganda nje ifute ikiwa ya vuguvugu. Hapo ndipo umaridadi unapofanyika bure.

Macho ya mteja nayo yana haki. Anayelipa anataka kitu kizuri, na sitakufundisha kumdharau. Kwa hiyo nunua daraja la pili kwa kila kinachojificha, na daraja la kwanza kwa kile kinachoonekana juu ya gitaa. Ukitumia kava lenye mkwaruzo, muoneshe kabla hajalipa na umpunguzie bei. Kisha chukua mita upime koili mbele yake. Pikapu ya mtindo wa Stratocaster yenye mizunguko kama 8,000 husoma karibu na kilo-omu 6. Ikisoma sifuri au isipopitisha kitu, hakuna mng'ao utakaoiokoa.

Na mabinti mlioniandikia kwamba mnaambiwa hii ni kazi ya kaka zenu, msikubali. Utulivu wa mkono ndio unaotakiwa, na huo hauna jinsia.

Basi, mdogo wangu, leo mwandikie muuzaji kwa heshima. Bobini umezipokea. Kava umelipokea, kama ndani ni jeupe. Sumaku zinazobanduka magamba na vibao vilivyovimba au kuachana matabaka unaomba avibadilishe au akurudishie fedha. Ambatanisha picha ulizopiga mchana karibu na dirisha, na usianze kusuka chochote mpaka akujibu.