Mafuta ya Karafuu: Nguvu Zake na Mipaka Yake

Utangulizi

Katika mitaa ya Makorora, mjini Tanga, kama ilivyo kotekote katika mwambao, karafuu haikosekani jikoni. Hutiwa katika pilau na chai, na aumwaye jino huweka punje moja mahali panapouma. Viungo vingi vya namna hii havitoki mbali: karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga hulimwa katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea cha Amani mwaka 1902.

Je, matumizi hayo ya jadi yana msingi wa kisayansi? Na msingi huo, ukiwapo, unaishia wapi? Swali la pili lina uzito zaidi, kwa sababu afya ya mgonjwa, na pengine uhai wake, hutegemea jibu lake.

Mafuta ya kunukia

Mafuta ya nazi yakidondoka katika karatasi huacha doa la kudumu. Mafuta yanayoipa karafuu harufu yake ni ya namna nyingine. Hayo hugeuka mvuke hewani, na ndiyo sababu pua huyatambua kwa mbali. Mmea huyahifadhi katika vifuko vidogo sana, nayo huusaidia kujikinga na wadudu na kuvu.

Karafuu kavu ina mafuta hayo kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Katika mafuta yenyewe, asilimia 70 hadi 90 ni kemikali moja iitwayo eujenoli, C₁₀H₁₂O₂. Mdalasini unatoa funzo jingine: mafuta ya majani yake yana eujenoli kwa wingi, lakini yale ya gome lake yana zaidi sinamaldehaidi. Kwa hiyo haitoshi kutaja jina la mti; ni lazima kutaja pia sehemu iliyotumika.

Namna ya kuyapata

Mafuta haya hutolewa kwa ukenekaji, yaani kugeuza kitu kuwa mvuke na kuupoza mvuke huo uwe kioevu tena. Eujenoli peke yake huchemka katika nyuzi 254 za Sentigredi, joto ambalo lingeweza kuunguza karafuu. Lakini ikichanganywa na maji, kani za mvuke wa vitu hivyo viwili hujumlishwa, na mchanganyiko huchemka chini kidogo ya nyuzi 100. Mvuke wa maji huyabeba mafuta hadi kwenye bomba la kupozea. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama chini ya chombo.

Huko Pemba, kiwanda cha Wawi hujulikana kwa jina la Kiwanda cha Makonyo, kwani hukeneka mafuta kutoka katika vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

Kupambana na vijidudu

Mwaka 1867 daktari mpasuaji Mwingereza, Joseph Lister, alieleza jinsi fenoli ilivyopunguza kuoza kwa vidonda. Eujenoli ni ya ukoo huohuo wa fenoli. Molekuli zake hupenya katika utando wa mafuta unaoizunguka seli ya bakteria na kuuvuruga. Vitu vilivyomo ndani huvuja, na seli hufa.

Si bakteria wote wanaodhurika sawasawa. Bakteria aina ya Stafilokokasi, ambao husababisha majipu, kwa kawaida huzuiwa kwa urahisi zaidi kuliko Sudomonasi, ambao wana utando wa ziada nje ya ukuta wa seli.

Katika maabara, karatasi iliyoloweshwa mafuta huwekwa juu ya agari iliyopandwa bakteria. Wasipoota kuizunguka, duara tupu huonekana. Hata hivyo mafuta hayayeyuki vema katika maji ya agari, kwa hiyo ukubwa wa duara hautoshi kuwa kipimo cha nguvu ya dawa.

Kuzuia uoksidishaji

Dagaa walioanikwa wakikaa siku nyingi hugeuka rangi ya manjano na kutoa harufu kali. Mafuta ya samaki yana vifungo maradufu vingi, ambavyo hushambuliwa na oksijeni. Hapo hutokea radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali moja huzaa nyingine, na uharibifu huendelea kama mnyororo. Eujenoli huitolea radikali atomu yake ya haidrojeni, na mnyororo hukatika. Mafuta ya nazi yana vifungo maradufu vichache. Ndiyo maana hukaa muda mrefu zaidi.

Mipaka ya karafuu

Kinachoua bakteria katika kisahani si lazima kimponye mtu. Eujenoli hutuliza maumivu ya jino, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza saruji ya muda. Lakini haizibi tundu wala haiondoi usaha. Maumivu yakitulia, mgonjwa hudhani amepona, na huku maambukizo yanaenea. Avimbaye shavu au kupata homa hana budi kwenda hospitali.

Aidha, mafuta yaliyokenekwa si sawa na punje ya karafuu. Mililita 5 hadi 10 zilizomezwa na mtoto mdogo zimewahi kumletea degedege na kuharibika kwa ini. Chupa yake iwekwe mbali na watoto.

Kupima dawa za asili kwa makini ndiyo kazi iliyoanza Muhimbili mwaka 1974, kilipoundwa kitengo cha utafiti wa tiba ya asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa taasisi. Desturi huonyesha mahali pa kuanzia utafiti. Hukumu hutolewa na vipimo.

Jaribio la darasani

Chukua mitungi miwili safi yenye vifuniko. Weka katika kila mmoja kipande cha mkate chenye ukubwa sawa, kilichonyunyizwa matone matano ya maji. Katika mtungi wa kwanza tia, ndani ya kisoda, gramu 5 za karafuu iliyotwangwa, isiguse mkate. Funika yote miwili, uiweke pamoja kivulini, na uandike kila siku, kwa siku saba, ukubwa wa eneo lenye kuvu. Usifungue mitungi wakati wa kuangalia. Mwisho wa jaribio, fukia mkate.

Maswali

1. Kwa nini mtungi usio na karafuu ni wa lazima katika jaribio hili?
2. Kwa nini karafuu haikuruhusiwa kugusa mkate?
3. Eleza sababu ya eujenoli kukenekwa pamoja na maji.
4. Mtu anasema: "Karafuu huua bakteria, basi sihitaji kumwona daktari wa meno." Onyesha kosa katika hoja hiyo.